Kuzifikia njia za baiskeli za milimani bila gari, kwa sisi tunaoishi Dar es Salaam

Ndugu zangu,

Dada mmoja kati yetu, aliyehamia hapa kikazi kutoka Nairobi, ameuliza ni vipi mtu asiye na gari anaweza kuifikisha baiskeli yake ya milimani mahali penye njia za kufaa, kwa kuwa kule alikozoea alikuwa akiingia msitu wa Karura baada ya mwendo mfupi tu kutoka nyumbani, ilhali hapa anaona lami, mchanga na foleni. Mimi nilitoka Mombasa miaka tisa iliyopita, sijawahi kumiliki gari, na Jumapili nyingi za kiangazi hunikuta juu ya baiskeli, kwa hiyo naomba nimjibu kwa kirefu.

La kwanza ningependa alishike ni kwamba apange kurudi kabla hajapanga kwenda. Kwenda hakumshindi mtu. Alfajiri barabara ni nyeupe, mwili una nguvu, baiskeli ni safi na hakuna konda atakayekunja uso akiiona. Shida huanza saa saba mchana, jua likiwa la utosi, maji yamekwisha, magurudumu yamejaa tope na kila daladala inayopita imesheheni. Waliokata tamaa na mchezo huu hapa mjini, kwa wale ninaowafahamu, wote walikata tamaa wakati wa kurudi.

Tuanze na Pugu, kwa sababu ndiyo milima iliyo karibu nasi. Msitu wa hifadhi wa Pugu na Kazimzumbwi uko upande wa Kisarawe, kilomita 30 hivi kutoka katikati ya jiji, na unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Si milima mirefu, lakini ina mabonde ya kutosha kumtoa mtu jasho, na udongo wake una kaolini nyingi, ule udongo mweupe uliochimbwa huko tangu zamani. Ukikauka ni mgumu kama sakafu, ukilowa unateleza kama sabuni. Kwa hiyo masika, kuanzia Machi hadi Mei, mimi siendi kabisa. Langoni kuna ada, nayo hulipwa kwa kumbukumbu namba, yaani namba ya malipo ya serikali, kupitia simu, basi hakikisha simu ina chaji na salio, na ubebe kitambulisho, maana sisi wageni tutaulizwa tumetoka wapi.

Njia ya kwenda ni Barabara ya Nyerere, kupita uwanja wa ndege, Gongo la Mboto, Pugu Kajiungeni, kisha kupanda Kisarawe. Barabara hii kwa baiskeli ni ya hatari kubwa kuanzia saa mbili asubuhi, malori na daladala zikianza kugombea ukingo wa lami, na namsihi dada yetu asijaribu kuirudia mchana kwa baiskeli hata akijiona ana nguvu za simba. Tunachofanya sisi ni kuondoka Ilala saa kumi na moja alfajiri siku ya Jumapili, wanne au watano, taa zikiwaka mbele na nyuma, tukafika Kajiungeni kabla jua halijachomoza vizuri. Kurudi, tunarudi kwa kirikuu. Neno hili ajifunze mapema: ni ile pikapu ndogo inayobeba mizigo mtaani, ambayo hubeba baiskeli tano bila taabu, nazo zikilazwa juu ya magodoro chakavu au maboksi hazikwaruziki. Dereva tunamtafuta Jumamosi kwa simu, tunakubaliana bei na saa ya kutuchukua Kisarawe, tunampa sehemu ya fedha, na gharama tukigawana inakuwa ndogo kuliko anavyodhani mtu. Kumtafuta dereva palepale ukiwa umechoka ni kujitia mikononi mwake, kwa sababu ataiona bei usoni mwako.

Naongeza neno moja kuhusu mapatano, kwa faida ya waliotoka Nairobi. Kule tumezoea kuingia kwenye bei moja kwa moja. Hapa salimu kwanza, uliza habari za nyumbani, akiwa mzee mpe shikamoo, ndipo useme shida yako. Nimeshuhudia baiskeli zikikataliwa kwa sababu tu mwenye nazo alianza na swali la nauli.

Nikipita Pugu hukumbuka kwamba Mwalimu Nyerere alifundisha pale shuleni hadi alipojiuzulu mwaka 1955, na wazee husimulia jinsi alivyokuwa akiteremka mjini kwa miguu kwa shughuli za TANU. Umbali ni uleule wetu, naye hakuwa na kirikuu cha kumrudisha.

Sasa niseme jambo ambalo huenda likamshangaza: kwa mtu asiye na gari, Lushoto, kule milima ya Usambara, ni rahisi kuliko Pugu. Ni mbali, ni safari ya karibu siku nzima ya basi, lakini basi lenyewe linakupandisha kutoka Mombo hadi mjini Lushoto, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na ukishateremka pale huhitaji chombo kingine. Njia zinaanzia mlangoni mwa nyumba ya kulala wageni: unaelekea Irente, unaelekea msitu wa Magamba, au unapita kati ya mashamba ya kabichi na karoti kwenye njia ambazo wenyeji hupita kila siku na mizigo kichwani, kwa hiyo punguza mwendo na uwapishe wao. Kosa la wengi ni kuteremka kwa baiskeli hadi Mombo siku ya kurudi, wakitumaini mabasi yatokayo Arusha. Mabasi hayo hufika pale yamejaa, na hata kiti kikipatikana, buti halina nafasi. Panda basi Lushoto kwenyewe, asubuhi, buti likiwa bado tupu.

Kuhusu buti naomba nieleze kwa makini, kwa sababu hapa ndipo nilipopata hasara. Safari yangu ya kwanza nilitoa gurudumu la mbele, nikamkabidhi kijana wa mizigo, naye akaishika baiskeli kwa mkono wa breki akiivuta ndani. Breki zangu ni za mafuta na diski. Gurudumu likiwa limetolewa, ukibinya breki, zile pedi mbili hukutana na kugandana, na nilipofika Lushoto jioni diski haikuingia tena. Nilikaa kibarazani gizani nikizitenganisha polepole kwa mpini wa kijiko cha chai, nikihofia kuzivunja. Tangu siku hiyo hukata kipande cha boksi, nikakikunja mara mbili, nikakipachika kati ya pedi na kukifunga kwa raba. Baiskeli huilaza upande wa kushoto ili giya ya nyuma, ambayo iko kulia, ibaki juu na isikandamizwe na magunia. Hubeba pia viroba viwili vya zamani: kimoja navika mnyororo na giya, kingine gurudumu, na konda akiona nguo za abiria wengine na mizigo yao haitachafuka, maneno hupungua sana.

Tyubu nazo zina jambo lake. Baiskeli nyingi za kisasa zina vali nyembamba, ilhali pampu za vituo vya mafuta ni za vali nene ya gari. Kuna kijishaba kidogo cha kuziunganisha, kama pete. Nunua viwili na kimoja ukiache daima kwenye begi.

Morogoro nitaisema kwa ufupi. Tangu treni ya umeme ianze mwaka 2024, na nauli ya daraja la kawaida ikatangazwa kuwa shilingi 13,000, mimi hutuma baiskeli kwa basi siku moja kabla, kama kifurushi, kutoka stendi ya Magufuli, nikaichukua Msamvu, stendi ya Morogoro, kwa risiti, mwenyewe nikaenda kwa treni. Njia ya kupanda Morningside, kwenye milima ya Uluguru, ni ngumu lakini inalipa.

Wenu,
wa Kinondoni

* * *

Shikamoo kaka, na asante.

Naongeza la Kigamboni, maana ndiko niishiko na ndiko ningemshauri dada aanzie. Hakuna milima, lakini hakuna gari linalohitajika hata kidogo. Afike Magogoni kabla ya saa moja asubuhi, akate tiketi, aingie pantoni akiikokota baiskeli wala asiiendeshe, kwa sababu bamba la chuma la kuingilia huwa limelowa maji ya bahari na tairi huteleza ghafla. Waliokulia Likoni, penye kivuko cha Mombasa, wanalijua hilo. Akishavuka, apite Mjimwema, kisha aache lami na kufuata njia za mchanga kuelekea Gezaulole. Mchanga hauhitaji nguvu, unahitaji upepo kidogo kwenye matairi: mimi hupunguza hadi nikibinya kwa kidole gumba tairi libonyee kidogo, nikabaki kwenye giya nyepesi bila kukata kona kali. Kurudi ni pantoni ileile, na ikiwa na foleni kubwa hupitia Daraja la Nyerere nikatokea Kurasini.

Jumapili ijayo tutakuwa watatu, wanawake wawili na mpwa wangu. Dada, ukiweza kufika Magogoni saa kumi na mbili na nusu, tutakusubiri upande wa tiketi, na pampu ya vali nyembamba ninayo.