GIMP, Inkscape, darktable: ipi ni ya kazi gani?

KalamuNaRangi: Habari wakuu. Nembo imetengenezwa kwa GIMP, pikseli 600 kwa 600. Kwenye simu iko safi, lakini ikiwekwa kwenye bango kwa upana wa mita 1, kingo zinakuwa za ngazi-ngazi. Nikihamia Photoshop itanyooka? Na hizi darktable na Lightroom zina kazi gani, kama GIMP nayo inahariri picha?

Mchora_Mistari: Photoshop haitakuokoa hapo mkuu, nayo inafanya kazi kwa pikseli, yaani vidoti vya rangi, kama GIMP. Pikseli 600 ukizitandaza mita 1 unabaki na kama 15 tu kwa kila inchi. Nembo ni kazi ya vekta: Inkscape, ambayo ni ya bure, au Illustrator. Huko mstari unahifadhiwa kama hesabu ya nukta na mikunjo, kwa hiyo ukubwa wowote unatoka safi.

Ingiza picha ya nembo yako (PNG) Inkscape, funga leya yake (tabaka ilimokaa) isisogee, kisha chora upya juu yake kwenye leya nyingine kwa kalamu ya Bezier, ile ya kuchora mikunjo. Kufuatisha kwa otomatiki (Shift+Alt+B) kunafaa umbo la rangi moja au mbili. Penye vivuli vingi kunazaa maelfu ya nukta na kompyuta inakuwa nzito. Mwisho, chagua maandishi ubonyeze Shift+Ctrl+C yageuke maumbo. Usipofanya hivyo na mchapaji hana fonti yako, herufi zitabadilika kwake.

Mwanga_Kivuli: Naongezea: JPEG iliyopachikwa ndani ya SVG (faili ya vekta) haijawa vekta. Ikuze hadi asilimia 800. Ukiona vigae, bado ni pikseli.

darktable na Lightroom ni za faili ghafi (RAW) za kamera, yaani picha kabla haijageuzwa JPEG. Nyingi zina biti 12 au 14, yaani viwango 4096 au 16384 vya mwanga, wakati JPEG ina 256 kwa kila rangi. Ndiyo maana sehemu yenye kivuli kizito unaweza kuiongezea mwanga bila rangi kukatika mistari. Tena faili asili haiguswi. darktable inaandika marekebisho kwenye faili ya XMP pembeni. Ukihamishia picha kompyuta nyingine ukaiacha XMP, kazi yako haitaonekana huko. Kuunganisha picha mbili au kuondoa nguzo, rudi GIMP.

KalamuNaRangi: Na kwenye GIMP nihifadhi kwa JPEG?

Mchora_Mistari: Hapana, tumia XCF, faili ya GIMP yenyewe inayotunza leya, mpaka umalize. JPEG inazibana leya zote kuwa moja, na kila ukiifungua, ukaihariri na kuihifadhi tena ubora unapungua. Panapotakiwa mandharinyuma ya uwazi, toa PNG.