Atrazini ipigwe marufuku, au tuanze na pale kisimani?

Wakuu habari za jioni, hili tulijadili bila matusi. Juzi kwenye kikao cha kijiji huku kwetu Mbozi mzee mmoja kasimama akasema hii dawa ya magugu ya mahindi, atrazini, ipigwe marufuku kabisa maana inashuka mpaka visimani, kina mama wakampigia makofi, vijana wa kupulizia wakamzomea, kikao kikafia hapo.

Mimi sikubaliani na mzee kwa asilimia zote ila wanaosema anaropoka nao wapunguze. Ujerumani waliikataa tangu 1991, Umoja wa Ulaya ukafuata 2004, na ugomvi ulikuwa huuhuu wa maji ya ardhini, ilikuwa inakutwa humo kupita kiwango chao cha mikrogramu 0.1 kwa lita. Dawa yenyewe udongo hauishiki sana, mvua ikipiga inashuka nayo, na ikishafika chini huko inakaa sana. Na usidhani ukichemsha umeiua.

Sasa patamu ni hapa. Marekani bado wanaitumia, kiwango chao cha maji ya kunywa ni mikrogramu 3 kwa lita, Shirika la Afya Duniani wao wanasema 100. Dawa ileile, kutoka 0.1 mpaka 100, mara elfu nzima! Kwahiyo anayekuja na "kitaalamu iko salama" atuambie kwanza ni mtaalamu wa wapi.

Ila ninachokiona kwa macho yangu ni kingine. Kijana anakuja na bomba mgongoni, anachota maji, anachanganyia palepale mdomoni mwa kisima, dawa anapima kwa kifuniko, anaweka viwili halafu anaongeza na cha tatu "ili ishike", povu linamwagikia kwenye ile simenti iliyopasuka. Jioni anarudi kusuuza bomba hapohapo na kina mama wanasubiri foleni na ndoo zao. Sheria ya mazingira ya 2004 inatuambia shughuli zetu zikae mita 60 kutoka ukingo wa mto, haya, shamba liko mbali na mto, lakini sumu tumeibeba wenyewe mpaka kisimani, hata mvua haijasubiriwa.

Nimerudi kujibu maoni yenu. Mkuu uliyesema nawachukia wakulima, mimi mwenyewe napulizia, ekari tatu, hela ya vibarua wa palizi mara mbili sina. Ndo maana nasema kabla ya marufuku tuweke mapipa huko mashambani, maji yabebwe, bomba lisuuzwe shambani na yale maji ya kusuuzia yapuliziwe hukohuko, atakayekutwa nalo kisimani alipe faini ya kijiji. Hiyo haisubiri Dodoma.

Na uliyeuliza ushahidi uko wapi, kisima chetu tangu kichimbwe kimepimwa chumvi na vijidudu tu basi. Mwenye kujua maabara inayopima atrazini kwa bei ya kuchangishana aweke hapa, elfu kumi yangu ipo.