Mbwa wa kilo 42 kwenye milima ya Kigoma: mkanda wenye mpini, mbeleko, kumbeba au kuzunguka?

Mwana wa Bangwe (mleta mada)
Wakuu, habarini za Jumatatu. Nina dume, chotara wa German Shepherd, miaka minne, anaitwa Bosko. Wiki iliyopita nilimpandisha kwenye mizani ya duka la nafaka pale Mwanga: kilo 42. Kila nikipata nafasi tunapanda upande wa Kalinzi, halafu tunashuka kwa njia za miguu kuelekea vijiji vya ziwani. Kutembea hana shida, mimi ndiye ninayeachwa nyuma.

Shida ipo sehemu tatu. Kuna gogo la kuvukia kijito. Kuna mwamba wa kimo cha kifua ambao watu tunaupanda kwa kushika mizizi. Na kuna mteremko wa changarawe, mvua ikinyesha ni kama umemwagiwa mawese. Safari iliyopita alipanda mwamba nusu, akateleza, akachubuka kidevu. Sasa akiuona tu anakaa chini na kunitazama kama mtu aliyeniazima hela.

Nimefikiria mkanda wa kifuani wenye mpini mgongoni. Au mbeleko, yaani kitenge kizito chini ya tumbo na watu wawili kushika ncha. Au kumbeba mabegani kama mchungaji na kondoo. Au kuacha ubishi na kuzunguka, ila mzunguko ninaoujua unakula karibu saa nzima. Aliyewahi kufanya aseme. Nadharia ninazo za kutosha.

Mgebuka Mkavu
Mabegani futa kabisa. Nilijaribu na wa kilo 28 tu. Hatua kumi za kwanza unajiona shujaa. Ya kumi na moja anaona mjusi, anageuza kichwa, uzito wote unahamia upande mmoja na wewe umesimama juu ya jiwe lenye ukungu. Kondoo hajali anakopelekwa, mbwa ana maoni yake. Tulianguka wote, yeye akaniangukia.

Kigogo wa Ujiji
Kabla ya mikanda na mbeleko: mkuu, unashukia wapi hasa? Hakikisha hukati kona kupitia Hifadhi ya Gombe. Mbwa haruhusiwi mle, na si ukorofi wa askari. Mwaka 1994 kule Serengeti simba karibu theluthi moja walikufa kwa homa ya mbwa, na mbwa wa vijijini ndio waliohusishwa na ugonjwa huo. Sokwe nao wana magonjwa yao ya kuambukizwa, hawahitaji tuwaongezee.

Mwana wa Bangwe
Napita kusini ya mpaka, mkuu. Gombe siigusi.

Fundi wa Mwanga
Mimi nashona viatu na mabegi, na mikanda ya mbwa nimeshona miwili. Usitumie mkanda wa begi la shule, utalia. Tafuta mkanda wa gari kwa wanaouza vipuri vya magari mabovu, uzi wa nailoni, pete za chuma zilizochomelewa (zile za kukunja tu hufunguka), na sponji ya godoro sehemu ya kifua. Kifua kiwe kipana, mpini uwe katikati ya mgongo na si juu ya shingo.

Nikimaliza, huwa naufunga kwenye mfuko wa saruji wa kilo 50 na kuunyanyua kwa mpini mara ishirini. Wa kwanza ulifumuka mara ya saba. Nilikuwa nimeshona msalaba mmoja badala ya kisanduku chenye msalaba ndani. Mwenye mbwa hakujua alivyonusurika, na mimi sikumwambia.

Ila niwe mkweli, maana ni kazi yangu: mpini si wa kumning'iniza. Ni wa kumshikilia asirudi nyuma wakati yeye mwenyewe anapanda. Kilo 42 kwa mkono mmoja, miguu yako ikiwa kwenye utelezi, hata wapakuzi wa bandarini watakataa.

Mzee wa Mizinga, Tabora
Nyie watu wa Kigoma mnapenda kujisumbua. Huku kwetu mlima mrefu ni kichuguu, lakini mbwa nimetembea nao porini kufuata mizinga ya nyuki miaka mingi. Mbwa mwachie. Fungua kamba, pita, nenda zako usiangalie nyuma. Atalia kidogo, kisha utamkuta mbele yako. Ninachokiogopa mimi ni mbung'o. Ukiona mbwa amekonda na macho yameingia ukungu, usiseme amezeeka, mpeleke kwa daktari akapimwe damu.

Daktari wa Ng'ombe na Wengineo
Mzee wangu, shikamoo. Kuhusu mbung'o umesema kweli tupu. Kuhusu "mwachie" nakubali nusu. Kwa mbwa wa kilo 15 porini, sawa. Mbwa mkubwa akiruka kutoka juu, uzito wote unatua kwenye miguu ya mbele, na mbwa hana mtulinga kama wetu: bega lake limeshikwa na misuli peke yake. Ndiyo maana pia hupaswi kamwe kumvuta juu kwa miguu ya mbele. Nimeona bega lililochanika hivyo, na mwenye mbwa alikuwa anamsaidia kwa nia njema kabisa.

Kumnyanyua, mkono mmoja unapita mbele ya kifua, mwingine nyuma ya mapaja chini ya makalio, unamkumbatia kwenye mwili wako. Mkiwa wawili, mmoja kifua, mwingine nyonga, mnahesabu mpaka tatu kwa sauti. Kitenge kinafaa, lakini kikikaa tumboni tu kinambana na atapigapiga miguu. Vitenge viwili: kimoja nyuma ya miguu ya mbele, kingine mbele ya mapaja. Kwa dume angalia kisibane mahali ambapo hata wewe usingependa kubanwa.

Mkanda wa shingo usitumike kuvutia juu hata sekunde moja. Akiumia, jua kwamba hata wewe uliyemlea atakuuma. Mfunge mdomo kwa kipande cha kitambaa, ila si kama anatweta kwa joto, kwa sababu kutweta ndiko kunakompoza; jasho lake ni la kwenye nyayo tu. Joto lake la kawaida ni kati ya 38 na 39.2. Akivuka 40.5 una dharura mikononi, mmwagie maji palepale. Na asile akashiba kabla ya kupanda. Mbwa wenye vifua virefu kama hao tumbo hujaa gesi likajipinda, na huko mlimani hakuna wa kumpasua.

Mgebuka Mkavu
Daktari, na akigoma kabisa? Maana kuna yule wa Uingereza mwaka 2020, St Bernard wa kilo 55, kwenye mlima Scafell Pike. Alikuwa anashuka, miguu ya nyuma ikamgomea, akalala. Walienda waokoaji 16 na machela, ikawachukua karibu saa tano kumfikisha chini. Mlima wenyewe una mita 978 tu! Bosko akilala kule juu, waokoaji 16 tunawatoa wapi? Mimi nitakuwa na udhuru siku hiyo.

Daktari wa Ng'ombe na Wengineo
Ndiyo maana uamuzi unafanywa wakati wa kupanda. Kama amepanda kwa kusukumwa, jiulize atashukaje. Beba kiroba kikubwa kitupu, kinakunjwa kinaingia mfukoni. Kwa miti miwili kinakuwa machela. Kubeba kwenyewe si chini ya watu wanne, wa kupokezana.

Mama wa Kalinzi
Mwanangu, nimesoma mikanda yote hiyo mpaka nimechoka. Sisi tunapita huko na mkungu wa ndizi kichwani. Kama mwamba huo ndio ninaoufikiria mimi, wenye mzizi uliolainika kwa kushikwa, kuna njia ya mbuzi, haifiki dakika kumi na tano. Inaanza nyuma kidogo, kabla hujauona mwamba wenyewe, ndiyo maana wageni mnaipita. Waulize watoto wanaochunga. Unafikiri mbuzi wetu tunawabeba na vitenge?

Fundi wa Mwanga
Mama ameniulia biashara.

Mwana wa Bangwe
Narudisha majibu, nilienda jana na shemeji yangu. Mkanda alinishonea Fundi, kisanduku na msalaba ndani, nimehesabu mwenyewe.

Gogo: mpini ulifanya kazi, lakini si nilivyotegemea. Nikishika kwa nguvu Bosko anaganda. Nikigusa tu bila kuvuta, anatembea. Katikati ya gogo akakaa. Nikamsubiri. Akaruka majini upande wa juu, maji yakamfika tumboni, akavuka na kujikung'uta mbele ya shemeji. Kumbe kijito hakikuwa tatizo lake, gogo ndilo tatizo. Hapo siku zote nilikuwa namlazimisha apite kwenye daraja la watu.

Mbeleko: tuliijaribu chini, kwenye jiwe fupi, kabla ya kuihitaji. Kitenge kimoja alitoka kama samaki. Viwili, kama Daktari alivyosema, alitulia ila alitutazama kwa dharau. Inanyanyua vizuri kimo cha goti hadi kiuno. Kifua? Hapana, mtu wa juu hana pa kukanyaga.

Mteremko wa changarawe tulishuka kwa kwenda mshazari, mimi nikiwa upande wa chini, kamba mkononi na si kiunoni. Shemeji aliifunga kiunoni zamu yake. Suruali yake haipo tena.

Mwamba: tulimkuta mtoto mmoja na mbuzi wake. Nikaanza kumweleza tatizo kirefu, akanikatisha: "Huyu anapita huku." Dakika kumi na mbili kwa saa yangu. Bosko alitangulia.

Mama wa Kalinzi
Na huyo mtoto ulimpa nini?

Mwana wa Bangwe
Maandazi mawili, mama. Moja akampa Bosko.