Kutoka uokoaji wa baharini hadi K1: Carrington alibeba nini?

kafi_nairobi: Habari wadau. Kuna vijana hapa Nairobi waliotoka kwenye uokoaji wa ufuoni Mombasa. Kwenye mawimbi wako imara, lakini ndani ya K1, kayaki ya mbio ya mtu mmoja, wanapinduka kabla ya kupiga kafi kumi. Lisa Carrington, bingwa wa kayaki wa New Zealand, naye alitokea kwenye uokoaji wa ufuoni. Alibeba nini, na kipi cha kujifunza upya?

majitulivu: Alibeba kiuno kinachojisawazisha chenyewe na nguvu za kuondoka kwa kasi. Ndiyo maana mita 200 zilimkubali mapema: bingwa wa dunia 2011, kisha dhahabu ya Olimpiki London, Rio na Tokyo. Mita 500 zilimchelewesha. Rio alipata shaba, dhahabu ikaja Tokyo. Mita 200 za K1 za wanawake zilipoondolewa kabla ya Paris 2024, alishinda mita 500 mara tatu: K1, K2 (ya watu wawili) na K4 (ya watu wanne). Jumla dhahabu 8. Kwa hiyo usiwaache vijana wazoee mbio za sekunde 40 tu. 500 waanze nayo sasa.

fundi_usukani: Tatizo lao liko kwenye chombo. Kayaki ya mawimbi ya waokoaji ina kilo 18 au zaidi. K1 huanzia kilo 12, na tumbo lake ni jembamba, la mviringo. Shusha kiti mpaka chini kabisa, wakitulia ukipandishe sentimita moja moja. Waangalie wanapinduka wakati gani: mara nyingi ni kafi likiwa hewani, kwa sababu wanalichelewesha kuingia majini upande wa pili.

Kingine ni usukani. Wamezoea pedali mbili, kumbe K1 ina kijiti kimoja katikati ya nyayo. Kila wakisukuma mguu wanakigusa, chombo kinakwenda kama nyoka, na wao wanadhani ni mkono dhaifu. Msukumo upite kwenye unyayo na kisigino, vidole vibaki vya kuelekeza tu.

kafi_nairobi: Asante sana, hilo la nyoka ndilo hasa! Na maji? Nairobi Dam imejaa magugu.

majitulivu: Bwawa la kuogelea la mita 50 linafaa kwa kujisawazisha tu; ukishika kasi, ukuta umefika. Mita 500 zipelekeni Naivasha alfajiri, upepo haujaanza, na mkae mbali na mafunjo kwa ajili ya viboko. Huku juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo ongezeni mapumziko kati ya mizunguko. Mkiyabana, kafi la mzunguko wa tatu linaingia nusu na mnafundisha mwili kosa.