Gari halitambui tela baada ya kuweka taa za LED

Mvuvi_Kigamboni: Wakuu habari za jioni, naombeni msaada. Nina gari la Mjerumani lina soketi ya pini 13 nyuma, natumia adapta kuvuta tela la boti lenye plagi ya pini 7. Balbu zilikuwa zinaoza kila saa kwa maji ya chumvi nikaweka taa za LED, indiketa na breki zinawaka safi kabisa ila gari halijui tena kama lina tela, nikipiga rivasi sensa zinalia mwanzo mwisho na taa ya tela kwenye dashibodi haiwaki. Kingine, nikifungua swichi tu kabla sijagusa kitu hizo LED zinamemeta kidogo. Fundi kasema kontroli boksi ya tela imekufa ninunue nyingine. Kweli?

fundi_wayaringi: Usinunue kitu mkuu, huko kumemeta ndo kunaonyesha boksi ni zima. Inatuma umeme wa kufumba na kufumbua kwenye waya za indiketa na breki halafu inapima umepita kiasi gani. Balbu ya wati 21 kwa volti 12 inakula karibu ampea 1.75, na ikiwa ya baridi inavuta zaidi ya hapo, kwa hiyo boksi inajua kuna tela na inawapa taarifa sensa za rivasi na ESP, ule mfumo wa kuzuia gari kuyumba. LED inakula kidogo mno, boksi inaona kama waya umekatika. Kabla ya yote angalia ethi, yaani waya wa kurudisha umeme, pini namba 3 waya mweupe, ikishika kutu unaweza kuhangaika bure.

Juma_wa_Tegeta: Si akate tu waya aunganishe na taa za nyuma za gari, mbona tunafanya hivyo miaka yote

fundi_wayaringi: Kwenye pikapu ya zamani sawa. Hizi mpya kompyuta inapima mpaka taa za gari lenyewe, utaletewa erro nyingine, na ESP haitajua kuna tela, sasa boti likianza kuyumba ukiwa spidi barabarani nani atakusaidia? Tusishauriane hivyo jamani.

Mvuvi_Kigamboni: Asante sana kaka. Kwa hiyo nirudishe balbu?

fundi_wayaringi: Ukirudisha za indiketa mara nyingi inatosha, ila chomoa plagi kabla hujashusha tela majini, balbu ya moto ikikutana na maji inapasuka. Au baki na LED uweke rezista, kifaa cha kula umeme ili boksi ione kama kuna balbu, ya ohm 6.8 wati 50, moja kila upande, mguu mmoja kwenye waya wa indiketa mwingine ethi. Ifunge kwenye chuma cha fremu, usiibandike kwenye plastiki wala karibu na waya, ile kitu inachemka kweli.

dada_spea: Rezista ulizia maduka ya vifaa vya umeme Kariakoo, chukua yenye ganda la alumini na matundu ya boliti.