Askari wa Ohio walioiba treni: nishani walipewa ya nini?

KijanaWaKirumba
Wazee humu shikamooni, wengine habari za jioni. Naombeni msaada kumaliza ubishi. Kijiweni kuna jamaa kashikilia kwamba waliokuwa wa kwanza kupewa nishani ya juu ya ushujaa ya Marekani, kwenye vita yao ya wenyewe kwa wenyewe, ni askari wa Ohio walioiba treni. Kazi ikawashinda na wote wakakamatwa! Sasa nishani ya nini? Au ya pole?

DerevaMstaafu_Igogo
Marahaba kijana. Nimeendesha dizeli njia ya Mwanza–Tabora hadi nastaafu, kwa hiyo nitakujibu kireli.

Tarehe 12 Aprili 1862, treni ilisimama Big Shanty, Georgia, watu washuke kupata chai. James Andrews, raia aliyekuwa jasusi wa Kaskazini, yaani upande wa serikali uliopigana na waasi wa Kusini, akiwa na askari wa Ohio waliovaa kiraia, wakayaacha mabehewa ya abiria na kuondoka na kichwa kiitwacho General pamoja na mabehewa matatu ya mizigo. Walitaka kuchoma madaraja ya njia ya Atlanta kwenda Chattanooga, ili mji huo ukivamiwa usipate msaada.

Watu wanapenda kusimulia zile mbio. Mimi naona mambo yaliharibikia stesheni ya Kingston. Reli ni moja! Treni ya mbele ikija unaingia pembeni unangoja, uwe na haraka usiwe nayo. Sisi tuliganda sana Bukwimba, abiria wanashuka kununua miwa, wewe uko dirishani unatazama saa. Andrews aliganda hapo zaidi ya saa nzima, akimdanganya stesheni masta kwamba amebeba baruti za jeshi la Kusini. Treni za mizigo zikawa zinaongezeka tu kutoka kaskazini, kwa sababu jana yake jeshi la Kaskazini lilikuwa limeteka mji wa Huntsville, Alabama, na watu wa Kusini wakawa wanahamisha mizigo yao.

Nyuma yake kondakta William Fuller alianza kufukuza kwa miguu, akapata kiberenge cha kusukuma, mwisho akapanda kichwa kiitwacho Texas kikienda kinyumenyume. Mvua nayo ilikuwa imelowesha madaraja ya mbao, hayakushika moto. General kikaishiwa kuni na maji karibu na Ringgold.

Walikamatwa 22. Wanane wakanyongwa, Andrews akiwemo, wanane wakatoroka gerezani, sita wakabadilishwa na mateka wa Kusini. Hao sita ndio waliopewa nishani za kwanza, 25 Machi 1863. Wa kwanza wao, Jacob Parrott, alichapwa viboko ili amtaje aliyeendesha kichwa. Hakumtaja. Hiyo pole iko wapi hapo?

DadaWaMwaloni
Mzee, kwa Parrott sina neno. Ila ile nishani ilikuwa mpya na jeshi halikuwa na nyingine, ikagawiwa kama karanga. Kikosi cha 27 cha Maine, muda wao ulikuwa umeisha mwaka 1863, wakaombwa wabaki kidogo kulinda Washington. Walikubali kama 300, waliobaki wakaenda kwao. Zikatolewa nishani 864, hadi za waliokwenda kwao! Mwaka 1917 wakakaa kuchambua, wakafuta 911, zote hizo za Maine zikiwemo. Za wale wa treni hawakuzigusa. Kwa hiyo jamaa wa kijiweni hoja anayo, kachagua kikosi kibaya tu.

KijanaWaKirumba
Shukrani wakuu. Na Andrews mwenyewe?

DerevaMstaafu_Igogo
Hakupata. Alikuwa raia, nishani ni ya wanajeshi. Kinachoniudhi ni Philip Shadrach na George Wilson, askari kamili walionyongwa pamoja na wenzao: zao zimetoka Julai 2024. Miaka 162! Vichwa vyenyewe vimetunzwa vizuri kuliko hao. General kiko makumbusho hapohapo Big Shanty, siku hizi panaitwa Kennesaw, na Texas kiko Atlanta.