Ada milioni 1.8, mshahara laki 9. Nitatoboa?

Mkazi wa Kibaha: Wakuu habarini. Mkononi napata laki 9, mama watoto ana genge. Binti anaanza la kwanza Januari, nimepata shule ya mchepuo wa Kiingereza: ada milioni 1.8 kwa mwaka, basi mbali. Wenye uzoefu, mnaishije?

Mama Kaunta: Ada ni kiingilio tu. Wangu yuko chekechea, juzi kaja na karatasi: rimu mbili, ndoo, fagio la chelewa. Nikajiuliza wanasoma au wanafungua duka.

Bwana Shamba: Serikali ilishafuta ada, wewe unaitafuta. Mimi nimesoma Kayumba, shule ya serikali, nimekalia tofali, leo nina mananasi Kiwangwa.

Kipanga: Mkuu, umesema "mama watoto". Wako wangapi?

Mkazi wa Kibaha: Wawili. Wa kiume yuko la tatu, Kayumba.

Kipanga: Mbona yeye humhamishi?

Mkazi wa Kibaha: Haya. Mama yake alikuja naye. Simbagui, anakula tunachokula. Ila baba yake yu hai, anaendesha lori la Tunduma, hajawahi kutuma hata elfu kumi. Na awamu ya kwanza nimeshalipa, msiniambie habari za kuacha.

Bwana Shamba: Kumbe umekuja kutuonyesha risiti!

Mama Kaunta: Asubuhi basi linampigia honi mdogo mtu mlangoni, kaka anashika fagio na dumu la maji anatembea. Mtoto wa la tatu haulizi, lakini anaona.

Wakili wa Mtaa: Sheria ya Mtoto ya 2009 ipo. Mama aende ustawi wa jamii, huyo dereva adaiwe matunzo.

Mkazi wa Kibaha: Hataki. Anasema jamaa atapata sababu ya kuja kwangu.

Kipanga: Subirini kwanza. Mwezi wa sita si wewe uliyesema ndoa yako haina mtoto, ukauliza taratibu za kuasili? Hii chai, umetunga.

Mkazi wa Kibaha: Ile ilikuwa ya rafiki yangu.

Bwana Shamba: Rafiki anayetumia akaunti yako 😂 Ongeza tangawizi.

Mama Kaunta: Chai yenu kunyweni. Wakili, mimi mtoto asiyetunzwa na baba yake ninaye ndani. Huko ustawi naenda na nini?

Wakili wa Mtaa: Cheti cha kuzaliwa, kama jina la baba limo. Anzia kwa afisa ustawi wa halmashauri yako.

Mama Kaunta: Limo. Kwa herufi kubwa kabisa.